Kata ya Mama Yako Katika Mota ya Ndege

Elisabethville, Jumatano

Donati, mtani wangu,

Nina heshima ya kukuandikia kwa sababu moja: Jumamosi tunaijaribu mashua yetu mtoni, na siwezi kuiacha ipite mbele ya kaburi lako bila wewe kuarifiwa rasmi. Najua ungecheka. Tangu tulipotoka shule ya ufundi na vyeti vyetu, ulikuwa ukisema kwamba hata salamu naiandika kama mtu anayeomba kazi. Basi vumilia. Marehemu hana ruhusa ya kumkatiza mtu maneno.

Karakana haijabadilika sana. Meza yako ilikaa wazi mpaka mvua za kwanza, kisha nikahamia mimi, asije akaichukua mwingine. Mota ni ile ile, mota kuukuu ya ndege yenye silinda zilizopangwa kama nyota. Daktari wa Kasenga bado anaitaka isukume mashua bapa juu ya matete na maji ya kina kifupi ya Luapula, hadi vile vijiji ambavyo muuguzi huvifikia kwa mtumbwi, mara nyingi akiwa amechelewa.

Unaukumbuka ugonjwa wa mota hiyo. Mota inazunguka kwa kasi mno kuliko inavyofaa kwa elisi, yale mabawa makubwa ya mbao yanayosukuma hewa, ndiyo maana tukaweka katikati sanduku la gia la kupunguza mwendo. Ikienda polepole, amani. Ikienda kasi, amani. Lakini kati ya hapo upo mwendo mmoja wa shetani: kila pigo la silinda linalikuta lililotangulia halijatulia, mapigo yanaongezana, na meno ya gia yanagongana hadi yanakatika. Uliinamia mota, ukasikiliza, ukasema, "Iko sawa na bamama babili banatwanga mu kinu kimoja, na mumoja amekasirika."

Kisha tukakata mpira wa gurudumu la lori, tukaupanga ndani ya sanduku la gia ili umeze yale mapigo. Tuliiwasha mota, tukapongezana kabla hata ya kulifungua sanduku. Mafuta ya gia yalikuwa yameulowesha mpira mpaka ukavimba na kulegea. Uliuchota kwa kidole kama ugali, ukaninyooshea mbele ya wote. "Mamba, bukari yako imeiva. Lete samaki."

Wiki hiyo ukaenda likizo kwenu Kasenga. Homa ikakukuta huko. Hukurudi.

Sentensi hizo nimejaribu kuzijenga vizuri zaidi. Nimeshindwa. Naziacha zilivyo.

Mimi ni wa ukoo wa Mamba, wewe wa ukoo wa Samaki, na unajua kazi ya mtani msibani: wengine walie, yeye achekeshe. Nilisimama penye kaburi lako nikasema, "Amka we mvivu. Mota iko inatetemeka bado, na wewe unalala na viatu." Hakuna aliyecheka, maana sauti yangu ilikatika katikati. Basi nikatumia haki nyingine ya mtani, ya kunyakua kitu cha wafiwa bila kuuliza. Nilichukua kata ya mama yako, ile ya vitambaa vilivyosokotwa, nikaiweka kichwani, nikajitwika juu yake kinu chake, nikapita kati ya waombolezaji nikitikisa mabega kama yeye akitoka mtoni. Hapo wakacheka. Mama yako naye akacheka huku machozi yakimtiririka, akasema, "We Mamba, unanichekesha siku ya kilio? Rudisha kata yangu."

Nikasimama ghafla. Watu walidhani ni sehemu ya utani. Kinu kilikuwa kizito, nami nilikuwa nikirukaruka kama mwehu, lakini kichwa hakikuuma. Kata ile ilikuwa kavu, kitambaa juu ya kitambaa, imekaa kati ya kichwa na mzigo. Sisi, Donati, pamoja na vyeti vyetu, tulikuwa tumeiweka kata ndani ya mtungi wa mafuta.

Niliporudi niliomba kipande cha mkanda mkuukuu wa mashine, turubai na mpira tabaka kwa tabaka. Nikakata maduara kadhaa, nikayabebanisha, nikayafunga kwa bolti nje ya sanduku, mahali pakavu, kati ya mota na gia. Sasa chuma hakigusi chuma. Nguvu yote inapita katika kitambaa. Tuliijaribu karakanani. Nilipoupandisha mwendo hadi kwa yule shetani wetu, nilifumba macho. Mota ikanguruma, ikapita. Mkuu wa karakana alifungua sanduku, akapitisha kidole gumba juu ya kila jino, akasema "Bon," yaani vema, akaenda kula. Karakana nzima sasa inayaita maduara yale Kata.

Lakini karakana si mto. Hatujaijaribu ikiwa na mzigo, wala kwenye matete. Daktari amenieleza kwa upole kwamba meno yakikatika Jumamosi, mota itarudi ghalani na vijiji vitabaki na mtumbwi. Yakistahimili, nitabaki Kasenga kuwa fundi wa mashua, na jina lako litaandikwa ubavuni mwake. Hilo nimeliomba kwa barua ndefu sana, ungeichoka.

Naogopa kidogo. Natumaini zaidi.

Kata ya mama yako ninayo bado. Ameniagiza niilete mwenyewe, naye atakuwa ameketi kando yako, pale kwenye mwinuko ulio juu ya gati. Nakuahidi jambo moja: sitapita mbele yenu polepole, wala kasi. Nitapita kwa ule mwendo wa shetani hasa, na nitaushikilia mpaka niwe nimelipita kaburi lako. Ukisikia meno yakigongana, nicheke. Usipoyasikia, ujue ni kazi yetu wawili.

Lala vema, Samaki. Jumamosi, saa mbili asubuhi, hapo gatini. Usichelewe, safari hii huna kisingizio, uko hapo hapo.

Mtani wako,
Mamba