Wakili Aliyekula Mbuzi Wetu

Wariara, niko na hasira sana. Yule mtu alikula mbuzi wetu!

Si unajua leo tulikuwa na sherehe hapa Elburgon, kushukuru Mungu kwa ile kesi nyanyangu, huyu tunamwita Kogo, alishinda. Korti iliamua ile serikali ya ng'ambo imwonyeshe kaburi ya babu, vile wanajeshi wao walimchukua 1954 akafia mikononi mwao. Wakikataa, magari yao yaliyo hapa nchini yashikwe.

Sasa akaingia mwanaume wa suti. Hakuna mtu alimuuliza ametoka wapi, si unajua kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajakula. Kogo mwenyewe akammiminia mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwa kibuyu. Akakunywa. Akaongezewa nyama!

Halafu akapanguza mdomo akasema, "Mimi ni wakili wa ile serikali. Tumekata rufaa High Court, na jaji amesimamisha kila kitu mpaka isikizwe. Mkigusa hata gari moja, nyinyi ndio mtashtakiwa."

ALIKULA KWANZA, Wariara. Alikula kwanza!

Nikamuuliza hiyo rufaa itaisha lini. Eti, "Hata miaka mitatu." Na Kogo ako tisini na nne! Hiyo tu ndio wanangoja, mjane afe na kesi iishe.

Ndugu zangu walitaka kumtoa na fimbo. Kogo akawanyamazisha. Halafu akaniambia, "Cheptanui, mletee maji anawe mikono vizuri. Asitoke hapa na mafuta ya mbuzi wetu."