Ulianzia kwenye Jina

Mama,

Gomesi yako ya kijani, vazi lako la kanisani, ninayo hapa kwangu Nabuyonga, Mbale, ile ambayo mbuzi wa jirani yetu Mama Hasani aliitafuna ikiwa imeanikwa kambani kule nyumbani Walukuba, Jinja. Kila nikiliona lile tundu nacheka peke yangu. Mama, ulivyowaka siku ile! Majirani wote walitoka nje. Kesho yake Jumapili ukaivaa hivyo hivyo, tundu limebanwa kwa pini, ukaenda kanisani kumshtakia Mungu habari za mbuzi.

Sisi watoto tulidhani mtu aliyeokoka anasamehe siku hiyo hiyo. Wewe hukuweza, wala hukujifanya. Asubuhi ukikoroga uji ulisema, "Mungu, Mama Hasani. Basi." Halafu unabamiza kifuniko cha sufuria. Jina tu! Nikakuuliza mbona humwombei kitu. Ukasema, "Leo nimeweza jina. Mimi iko njiani bado, usinisukume." Wiki zikapita, neno likaongezeka: "Mungu, Mama Hasani na mguu wake," maana mguu ulikuwa unamsumbua. Mwishowe nikawakuta mmekaa barazani kwake, mnakula chapati zake na kumsengenya yule mbuzi.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya Okello. Tangu tukuzike sijaongea na kaka yangu. Ulipougua nikakuleta huku Mbale nikuuguze, yeye alikuwa Jinja tu, mwendo wa saa chache, na simu amezima. Hakuja kukuona mgonjwa, alikuja kuona kaburi. Nilimwambia mbele ya watu asikanyage kwangu. Sasa amepiga simu, anataka kuja Jumapili. Mama, kanisani naimba mpaka sauti inakauka, lakini nikimfikiria Okello naacha wimbo katikati ya ubeti.

Na kilichoniuma zaidi ni wewe. Kila asubuhi pale kitandani ulikuwa unasema, "Mungu, Okello." Hivi kweli? Mimi ndiye ninayekuogesha, ninayekulisha kwa kijiko, halafu unamwita yeye! Roho iliniuma sana, nakwambia ukweli. Nilikuwa natoka nje, najifanya nafuata maji.

Juzi nilikuwa nakoroga uji ndipo nilipoelewa. Mwiko ukanitoka mkononi. Hukuwa unamwita, Mama. Ulikuwa umemkasirikia kama mimi, na ulikuwa umeanza naye kama ulivyoanza na Mama Hasani. Jina, basi. Siku zikakuishia hapo hapo.

Nililia, Mama. Uji ukaungua.

Leo asubuhi nami nimejaribu. "Mungu, Okello. Basi." Kifuniko nimekibamiza mpaka jirani akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, naomba tu. Akaniangalia kama mwehu.

Pumzika sasa, mama yangu. Chapati za Mama Hasani nimezikosa, lakini si kama ninavyokukosa wewe. Jumapili nitamfungulia Okello mlango na chai atakunywa. Kumkumbatia sikuahidi, unanijua. Ila pale ulipoishia nimepashika, na neno la pili nitalisema mimi, kwa niaba yetu wawili.

Binti yako,
Agnesi