Kampasi ya Baba na Kiherehere Changu

Alhamisi, baada ya alasiri. Garissa. Joto la leo halina adabu kabisa. Hata paka wangu wamejilaza chini ya tangi la maji na hawataki kusemeshwa.

Leo nimefanya jambo ambalo nimelikimbia tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Ukikutana na makosa ya kuchapa, nisamehe.

Lilianza asubuhi, na kazi ya shule ya mjukuu wangu Hodan. Amepewa karatasi yenye picha za vifaa vya maabara na vya kuchorea ramani, aandike majina yake kwa Kiingereza. Aliniletea mimi kwa kuwa nilifundisha sayansi mjini hapa mpaka nikastaafu. Tukaenda vizuri: bika, pipeti, faneli, themometa. Katikati akaanza kumlalamikia mwenzake wa darasani aliyemsemea kwa mwalimu kwamba ananakili. Akaniita babu kwa Kisomali, akasema, "Awowe, yule msichana ni Barre kabisa."

Mtaani kwetu mtu msaliti huitwa Barre. Watoto hawajui jina hilo lilitoka wapi. Mimi najua.

Kisha akaweka kidole kwenye picha ya mwisho. "Na hii?"

Kampasi.

Nikamwambia nakwenda kunywa maji. Nikasimama jikoni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Baba yangu aliwahi kufanya kazi na wapimaji ardhi wa kikoloni. Alikuwa akivuta cheni ya kupimia, porini, kutoka kisima mpaka kisima. Mzungu wake alipoondoka alimwachia kampasi kuukuu, dira ya sindano, ndani ya mfuko wa ngozi. Baba aliita "kambasi", na kwake ilikuwa na kazi moja tu. Huku kwetu Makka iko kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo ile sindano inaelekea kibla yenyewe. Wafugaji walipohamia mahali papya walimwita. Aliweka kampasi chini, akangoja sindano itulie, akasema bismillahi, ndipo wakapanga mawe ya msikiti wao kwenye mchanga.

Mimi nilikuwa shuleni. Mwalimu wetu wa sayansi hakuwa na kifaa hata kimoja. Alichora ubaoni, tukakariri majina na maelezo kwa Kiingereza. Niliijua bansen bana kabla sijawahi kuona moto wa gesi. Katika orodha nzima ile, kitu kimoja tu nilikuwa nimekishika kwa mkono wangu, nacho kilikuwa nyumbani kwetu. Wallahi nilijiona mfalme.

Halafu vita vya shifta, waasi waliokuwa wakivuka mpaka wa Somalia, vikachacha. Sitavieleza hapa, wazee wenzangu wanavijua. Asubuhi moja, mwaka wa sitini na sita, askari waliuzingira mtaa. Wanawake na watoto wadogo walikalishwa juani, mama yangu akiwa miongoni mwao. Ndani tulibaki baba, mimi na ofisa mmoja kijana.

Akaufungua ule mfuko. "Hii nini?"

Baba akajibu kwa Kiswahili chake, taratibu, "Ya kibla, afande. Ya kuswali."

Ofisa akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anairudisha mfukoni. Nataka hili lieleweke vizuri: alikuwa anairudisha.

Kiherehere changu kikanishika. Nikasimama wima kama niko darasani, nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba hiyo ni kampasi, chombo cha kutafutia mwelekeo na kuchorea ramani. Akageuka. Akaniuliza, kwa Kiingereza pia, nani hapa anachora ramani. Nikasema baba yangu, bwana. Amepima na Wazungu, anajua kila njia na kila kisima mpaka Lafey, kule mpakani.

Baba hakuelewa hata sentensi moja. Alinitazama, uso wake ukafunguka kwa furaha. Akasema, "Mashallah." Alikuwa anaringa kwamba mwanawe anaongea na ofisa kwa lugha ya ofisa.

Walimpakia kwenye lori akiwa bado hajui kwa nini. Hatukumwona tena. Hatuna hata kaburi.

Mama aliuliza siku nyingi ni nani aliyewaambia askari kwamba baba anajua njia za mpakani. Jirani mmoja akasema, si Barre huyo? Barre alikuwa na kibanda cha chai karibu nasi, na askari walikunywa chai kwake alfajiri ile kabla ya msako. Mama akanigeukia mimi. Ningeweza kusema. Niliitikia kwa kichwa, ndiyo, huenda ni yeye.

Basi. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa chai ya Barre. Salamu yake haikujibiwa. Mkewe alipofariki, mama alikataza mtu wa nyumba yetu kwenda matangani. Mwishowe Barre alihamia Modogashe na watoto wake, akafia huko. Mama naye alikufa akimlaani. Nami nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, nimepiga kimya, mwalimu mzima!

Binti yake, Saadia, alirudi Garissa miaka mingi baadaye. Anauza maziwa ya ngamia sokoni. Nanunua kwake kila siku, na tumbo langu halipatani na maziwa hayo hata kidogo. Paka wangu ndio wanaonenepa. Nilijidanganya kwamba huko nako ni kutubu.

Leo, Hodan alipomaliza kuandika, nikachukua fimbo yangu nikaenda sokoni. Saadia, ambaye huniita ami kwa Kisomali, akaniona, akainua dumu. "Adeer, leo umechelewa."

Nikamwambia sitaki maziwa. Nikamweleza yote, nimesimama palepale: kampasi, ofisa, Kiingereza, ile ndiyo niliyomwitikia mama kwa kichwa. Sikujitetea kwa umri wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi.

Alifunga kifuniko cha dumu polepole.

"Baba yangu hakukana shutuma hiyo kamwe," akasema. "Unajua hilo? Hakukana kwa sababu hakuwa na hakika. Mpaka anakufa alikuwa akiyarudia maneno yote aliyowaambia wale askari asubuhi ile. Karibuni. Kaeni. Sukari inatosha? Halafu ananiuliza mimi, Saadia, ni lipi katika haya lililomuua mtu yule?"

Nilidhani nilimwibia Barre jina tu. Kumbe hata ule uhakika wa moyoni kwamba hana kosa nilimnyang'anya. Astaghfirullah. Kosa langu alilibeba yeye, akalitafuta ndani ya vikombe vyake vya chai, na halikuwamo.

Nikamwomba msamaha. Hakunipa wala hakuninyima. Alisema, "Mimi sikumtenga baba yangu, adeer. Usiniambie mimi peke yangu. Kawaambie waliomtenga." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Msikiti wetu sasa ni wa saruji na una feni, lakini ukuta wake wa kibla umesimama palepale baba alipopanga mawe kwa kampasi yake. Wazee waliokuwapo siku zile wamebaki wachache. Watoto na wajukuu wao watakuwapo wote, wale wanaolitumia jina la Barre kama tusi. Nimeshampigia imamu simu. Nimemwomba dakika chache baada ya swala, na sikumwambia ni za nini.

Kesho ni Ijumaa. Nitasimama mbele yao, ukuta wa baba mgongoni mwangu, niseme ni nani aliyesema.

Je, sauti itatoka? Siku ile, kwa Kiingereza, ilitoka bila kuombwa.