Chai ya Bika

Hai Malakal, Juba
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Achai,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Eldoret, na kwamba baada ya mtihani wa mwisho umepata kulala usingizi wa kushiba. Sisi hapa tunapumua, mvua imeanza, na Mjomba Thiik anakusalimu. Najua macho yako yanatafuta salamu za Mama. Ziko, dada. Nimeziweka mwishoni, usiruke mistari.

Kwanza habari ya kazi. Mjomba alikuwa ameniambia kwamba mwezi huu ukiisha sijapata kazi, atanipeleka Bor nikalee wanawe wadogo, na masomo yangu ya jioni yaishie hapo. Hakusema kwa ubaya. Basi nikaanza kuzunguka. Unanijua, mimi hata kuuliza njia natoka jasho. Kila ofisi wananisifu Kiingereza, wananisifu Kiswahili, halafu wanauliza uzoefu wa miaka miwili. Mimi nina miaka kumi na saba! Ile sehemu ya uzoefu kwenye fomu nimeiacha tupu mara sita. Mlinzi mmoja kule Gudele alinishauri nidanganye, eti wote wanadanganya. Nikaenda zangu. Nilikuwa tayari nabeba uongo mmoja, wa pili ungenishinda.

Alhamisi nikaingia kwenye hoteli ndogo ya Mama Goretti, karibu na kwetu. Yeye alikulia Arua, Uganda, na Kiswahili chake ni cha huko. Nilipofungua bahasha ya vyeti akaniambia, "Wewe mtoto, karatasi hapana beba chai. Chukua sinia." Akanielekeza kwenye meza ya wazee watano waliokuwa wakibishana juu ya mpira.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilivua viatu mlangoni. Nikapita na birika la maji, nikawanawisha mmoja mmoja, nikianza na mwenye mvi nyingi. Nikapiga goti, nikaweka kila gilasi bila mlio, macho chini, bila hata kusema karibuni. Wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka mpira ukaisha mezani. Kisha mcheshi wao akasema, "Binti, chai ni tamu, lakini mbona hivi? Kwani hapa nani amekufa?" Wenzake wakacheka.

Nikajibu, "Mama."

Ndiyo, dada. Mama alifariki wiki saba zilizopita, Jumanne asubuhi, baada ya siku nne za homa. Bika, kama wanavyoita kilio hapa, ilikaa wiki mbili chini ya turubai, na mimi ndiye niliyewapelekea waombolezaji chai, kutwa. Namna nyingine ya kumpa mtu chai siijui. Mjomba na wazee walikataza usiambiwe kabla ya mtihani, lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu. Simu ya Mama niliyosema imeharibika iko hapa, nzima. Zile salamu zake za mwezi jana, za kwamba uvae sweta, nilizitunga mimi. Na kinachoniumiza zaidi ni kwamba watu watano wasiotujua wameambiwa kabla yako.

Yule mzee alisimama, akavua kofia, akaniomba radhi. Mama Goretti akanivuta jikoni, akanipa kitambaa nifute uso. Alipoona nimetulia akasema nije Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na viatu nisivue, na kusalimia wateja atanifundisha polepole. Kwa hiyo kazi nimepata. Bor siendi. Nilitoka mbio kwenda nyumbani kumwambia Mama, nikakumbuka nikiwa nimefika nusu ya njia.

Barua nampa Ezbon wa kanisani, anayesafiri kwa basi kesho. Nimemwomba akae nawe mpaka umalize kuisoma. Kama utakasirika, nikasirikie mimi.

Sasa salamu, na hizi sikuzitunga. Siku ya tatu ya homa Mama alisema, "Achai amalize kwanza. Akimaliza, mwambieni nimefurahi."

Umemaliza, dada. Amefurahi.

Ukiwa tayari, piga namba ya Mama. Nitapokea mimi.

Mdogo wako,
Adau