Pembeni mwa Baba

Jumatatu, 6 Septemba 2021

Mazoezi ya asubuhi. Jana niliishia kwenye mwarobaini wa mwenye nyumba. Leo nimefika bombani. Nimekaa juu ya ndoo ya mtu mpaka pumzi ikarudi. Mwenye ndoo alisubiri kwa mbali. Hakusema ondoka, wala pole.

Nywele bado zinatoka. Sauti bado inakwaruza, tangu waliponichomoa mpira wa mashine ya kupumulia kooni. Vidole vya mguu wa kushoto havina habari na mimi.

Mama Bhoke, jirani wa chumba cha pili, ameweka uji kizingitini, akabisha, akarudi nyuma. Hata hivyo yeye ni jasiri. Wengine hapa Manyamanyama, Bunda, wanapita upande wa pili wa uzio.

Nimempigia kaka Wambura, niliyemtangulia kuzaliwa. Nimemwomba tena niende nyumbani Butiama, nikae na Mama mpaka nipate nguvu. Hapa nikianguka hakuna wa kuniokota. Amesema ningoje kidogo, nyumbani hapajakaa sawa. Jibu lile lile. Nyumba ipo, kitanda kipo. Ni nini ambacho hakijakaa sawa?

Nadhani najua. Nilipoachika, ng'ombe wa mahari walidaiwa, na waliorudishwa walitoka zizini kwa kaka. Tangu hapo mimi ni wa kutembelea nyumbani, si wa kukaa.

Jumatano, 8 Septemba

Sikulala vizuri. Nikifumba macho narudi kwenye kile chumba cha wagonjwa mahututi. Vitanda vinne. Dagaa wanamwagika kutoka darini, wazima, na mimi natakiwa kuwapima wote kabla hawajakauka. Walisema ni dawa za usingizi. Dawa ziliisha zamani. Dagaa bado wanakuja.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mwalimu wa Kiriba. Kabla hawajamlaza na mashine alinitania kwamba tukitoka atanifundisha kuogelea, kwa sababu ni aibu mtu anayekula kwa ziwa kuogopa maji. Simjui jina.

Kesho ni kliniki Musoma. Nitauliza habari zake.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimekwenda na basi la kwanza. Kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu mpaka stendi, na watu walikuwa wamesimama.

Daktari ni kijana, mpole. Kanibana kidole kwenye kile kipimo cha oksijeni, kafurahi. Naoga mwenyewe? Ndiyo. Napika? Nikikaa. Nasahau? Nasahau. Nalala? Hapo nimedanganya.

Nimeuliza wenzangu wa kile chumba. Ameangalia chini. Halafu amesema, "Mama, waliowekwa mashine mle ndani, aliyetoka ni wewe."

Ameita wanafunzi wake waje wanione. Wamenizunguka wakitabasamu. Nimejisikia kama beberu wa maonyesho ya Nane Nane. Nilitegemea nishukuru. Nimeona aibu tu, kama mtu aliyetoka msibani na sahani ya nyama.

Sikutaka kurudi Bunda moja kwa moja. Nimeshuka Mwigobero, kwenye mwalo wa ziwa, kuangalia kazi yangu. Dagaa wameanikwa pale pale, na mimi sisikii harufu yoyote. Nimechukua konzi, nimesogeza puani. Hakuna. Muuza dagaa asiyesikia harufu atauziwa uozo.

Maregesi, ninayenunua kwake siku zote, ndiye pekee aliyenisogelea. Mkewe ni wa kwetu Butiama, kwa hiyo ananitania kama shemeji. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, wewe ni mbishi. Kaka yako kakuchimbia mpaka kaburi na bado umelikataa."

Nilicheka naye. Kisha nikaona anafikiri nilikuwa najua.

Ijumaa, 10 Septemba

Sijatoka. Uji umepoa kizingitini.

Kaka amepiga. Sijapokea.

Kwa hiyo hicho ndicho hakijakaa sawa. Shimo lipo, mwenye shimo hajaja. Nilikuwa napumuliwa na mashine, na yeye anapima udongo. Alinipima kwa kipi? Kwa kamba? Kwa macho?

Nina hasira mpaka kikombe kimenidondoka. Au ni ugonjwa. Siku hizi sijui kutofautisha.

Jumapili, 12 Septemba

Misa ya pili. Benchi zima lilikuwa langu. Wakati wa kutakiana amani watu walinipungia kwa mbali, kama ninaondoka na meli.

Wakati wa matangazo Mama Bhoke alitoka kwa wanawake wenzake akaja kukaa kwenye benchi langu. Alivuta barakoa juu ya pua, akakaa.

Njiani nimemwambia habari ya kaburi. Hakushangaa kama nilivyotaka ashangae. Amesema kwao pia kaburi likishachimbwa halilali na mdomo wazi, maana litadai mtu wa pale nyumbani. Aliyechimbiwa akipona, linazikwa gogo la mgomba badala yake, linafukiwa kama mtu. Kabla ya hapo mwenyewe hakanyagi boma hilo. Ameuliza, kwetu wamekwisha zika mgomba? Nimesema sijui. Amesema basi huenda kaka yangu hanifukuzi, ananikinga.

Sikupenda kusikia hilo. Nilikuwa nimeshazoea hasira yangu.

Jumanne, 14 Septemba

Nimempigia mwenyewe. Nimeuliza bila salamu: umenichimbia kaburi?

Nilisikia ng'ombe nyuma yake. Halafu akasimulia, kwa shida. Naandika kama alivyosema ili nisije nikageuza.

Hospitali waliwaambia wajiandae. Wakati ule waliokufa kwa ugonjwa huu walizikwa siku hiyo hiyo, watu wachache, haraka. Familia ambayo haikuwa tayari, mtu wao aliishia makaburi ya mjini. Aliogopa nisizikwe Musoma kati ya watu nisiowajua. Akaamua kuchimba kabla.

Wazee wa ukoo wakamuuliza anachimba wapi. Mwanamke aliyeachika analazwa nje ya boma, kwenye uzio wa katani, ndivyo ilivyo. Yeye akapima pembeni mwa Baba. Wakamwambia afukie, akachimbe nje. Alikataa. Vijana wote wakaondoka na majembe yao.

"Nilichimba peke yangu, Mkami. Ulikuwaga unanibeba mgongoni kwenda kisimani. Nikulaze nje kama mbwa wa watu?"

Nilipopona alitaka wazee waje kuzika mgomba, ninyooshewe njia ya kurudi. Wamesema hawaji mpaka akubali kwamba alikosea mahali. Yeye hakubali. Shimo lipo wazi tangu mwezi wa saba, limefunikwa mabati. Mama amekatazwa kuniambia, kwa sababu nilikuwa mgonjwa.

Nimekaa na simu sikioni.

Mwisho nimesema anifuate, tutazika mgomba sisi wenyewe. Akasema wazee watasema.

"Waseme. Nani kati yao aliniletea hata uji?"

Alhamisi, 16 Septemba

Butiama.

Kaka amekuja na pikapu ya mtu anayesambaza maziwa, na godoro nyuma ili nilale nikichoka. Hakuniangalia usoni. Amezeeka. Amebeba kila kitu changu, hata ndoo tupu. Mama Bhoke aliagana nami kwa mkono. Mkono kabisa, bila kujipangusa baadaye.

Gari limesimama nje ya boma. Mama alikuja na kigoda, nikakaa pale pale nje. Alinishika kichwani palipobaki nywele chache, akanishika mabega, akahesabu mbavu kupitia gauni. Hakulia. Aliuliza nimekula nini asubuhi.

Kaka alikata mgomba nyuma ya nyumba, akaubeba begani. Akatoa mabati. Kutoka nilipokaa niliona rundo la udongo na msalaba wa Baba. Shimo ni karibu naye kiasi kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono.

Mzee hata mmoja hakuja. Majirani wawili walisimama barabarani wakitazama. Mama alisema maneno ambayo bibi alikuwa akisema, machache. Kisha kaka akaushusha mgomba kwa kamba, taratibu, kama unaweza kuumia. Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa naangalia jinsi ambavyo angenishusha mimi.

Alianza kufukia. Nikainuka. Mama akasema nisisogee bado, kwa hiyo kaka aliniletea udongo kwenye koleo mpaka nilipo. Nikachukua konzi, nikaurudisha kwenye koleo, akaenda kuutupa kwa niaba yangu. Alifanya hivyo bila tabasamu, kama kazi nyingine yoyote.

Alipomaliza kushindilia, Mama alisema, "Sasa ingia."

Nimeingia.

Nimeona aibu kwa furaha niliyo nayo. Miaka yote sikujua kama nina mahali hapa. Nimeonyeshwa na shimo.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimelala mpaka jua likawa kali. Hakuna dagaa.

Baba mkubwa, mkubwa wa wazee, amepita njiani na hakusalimia. Kaka alimsalimia hata hivyo, kwa heshima, akiwa amesimama. Hakuitikiwa. Hii nayo ni gharama, na analipa yeye.

Jumatatu, 20 Septemba

Mawingu, mvua haijanyesha. Nimetembea mpaka zizini. Nimerudi bila kukaa njiani.

Mama anapepeta ulezi. Wazee bado hawaji. Mama anasema watakuja siku kuna pombe. Sijui kama anatania.

Jioni kaka alirudi na ng'ombe, akaleta maziwa, akakaa mlangoni. Tulikunywa. Baadaye akauliza nitakaa mpaka lini. Moyo ulinishtuka. Nikasema sijui.

Alifikiri kidogo. Akasema choo kipo mbali sana kwa miguu yangu, na mvua zikianza kutateleza. Kesho usiku, akishafunga ng'ombe, ataanza kuchimba kingine, hapa karibu na nyumba.

Nikamwambia asichimbe peke yake. Akasema Mama atashika tochi.