Tundu la Pili la Mzinga

Dada Zuena,

Shikamoo. Usipoitikia nitaelewa, na si kwa sababu umekufa tu.

Ni mimi mdogo wako, Shabani. Sura bado ninayo, hilo usiwe na wasiwasi, wasichana wa stesheni wanaweza kukuambia. Mama amekonda. Baba siku hizi anaenda porini peke yake na harudi na maneno. Na nyuki wa hapa Itigi, dada, wengi wametuhama. Habari yangu ni hiyo, na nimeizungukazunguka wiki nzima kabla ya kushika kalamu.

Unakumbuka kiangazi kile ulichorudi kutoka chuo, ukashinda vichakani mbele ya mzinga wa gogo wa Baba umeshika kijiti chenye uzi wa pamba? Nikakuuliza unavua samaki gani huko juu ya mti. Ukaniambia nyamaza utazame. Uzi ukiuweka upande huu wa tundu la mlango, unasukumwa nje. Ukiusogeza upande wa pili wa tundu lile lile, unavutwa ndani. "Mzinga unapumua," ukasema, "na humo ndani hakuna bosi." Kila nyuki anajua kitu kimoja tu: hewa inayompita ikiwa ya moto, anapiga mabawa, ikiwa ya baridi, anaacha. Basi. Jioni ukaniwekea kompyuta mapajani. Kwenye kioo vidoti vimejaa, kila kimoja ni nyuki wako; umevipa sheria hiyo moja, na hesabu za joto na upepo, ukaviachia. Vikahangaika, vikahangaika, halafu vikajikusanya upande mmoja wa mlango vyenyewe, sawasawa na wale wa mzingani.

Mimi nikacheka. "Nyuki gani hawa hawaumi?"

"Hawaumi," ukasema, "lakini hawadanganyi kama wewe."

Ukaendelea kueleza. Mimi nikaendelea kucheka.

Sasa sikia. Baada ya arobaini yako jua likawaka kuliko kawaida. Masega yakaanza kulegea, kikundi cha wafuga nyuki kikaitana. Mama Hadija, jirani yetu, akageuka kunitazama: "Shabani, wewe ndiye uliyekuwa naye kule porini. Dada yako alisemaje kuhusu joto?"

Dada, wazee wazima walininyamazia wanisikilize. Mimi, niliyeishia kidato cha pili! Kichwa kikavimba. Nikasimama, nikakohoa kama mkuu wa wilaya, nikasema umeniachia siri: mzinga unataka tundu la pili, kwa nyuma, hewa ipite moja kwa moja. "Ndivyo hesabu za dada zinavyosema." Ilikuwa tamu mdomoni, na ilionekana ina akili. Si hata nyumba zetu tunaziwekea madirisha mawili?

Kesho yake nikazunguka na keekee ya Baba, natoboa mizinga ya watu huku napiga mluzi. Nilianza na ya Mama Hadija, maana alinikaribisha na uji.

Upepo wa moto ukaingia nyuma ukatokea mbele. Nyuki wakapiga mabawa mlangoni, lakini upepo ule haukuwa wao, hawakuweza kuuongoza. Siafu nao wakaona wamefunguliwa mlango wa uani. Mzinga baada ya mzinga, nyuki wakahama. Nikiweka sikio kwenye gogo, kimya.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo linaloniumiza. Walikulaumu wewe.

Mama alikwenda mashineni kusaga uwele. Akarudi na ndoo yake vilevile, haijasagwa, akaiweka chini, akaingia ndani. Ni Baba aliyeniambia: kule kwenye foleni walikuwa wanasema mtoto wake alisomeshwa miaka yote ile kuchora vidoti, na vidoti vyake vimefukuza nyuki wa watu. Mama hakubisha. Angebisha na nini? Alidhani kweli ulisema hivyo.

Nilikaa uani nikitazama ile ndoo. Mimi mwenye jibu la kila kitu, nilitamani ardhi inifiche.

Nikaibeba. Nikaenda mashineni mwenyewe, nikapanga foleni nyuma ya akina mama, nikawaamkia mmoja mmoja. Nikamwomba fundi azime mashine kidogo. Akaniuliza kama nimelewa. Akazima. Nikasema kwa sauti, "Zuena hakusema mtoboe. Nilitunga mimi. Yeye alisema tundu moja linatosha."

Kuna aliyecheka. Kuna aliyesonya. Mama Hadija akaweka ungo wake chini. "Haya, baba. Basi tuambie alichosema. Chote."

Nikaanza vizuri, dada, ungejivunia. Nikaeleza uzi. Nikaeleza moto piga, baridi acha. Wakasogea. Mama Hadija akauliza, "Sasa kama kila mmoja anajua lake tu, nini kinawafanya wakusanyike upande mmoja? Kwa nini wasitapakae?"

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwepo, ulilitoa siku ile, nami nilikuwa nacheka. Uongo ulikuja mbio, mzuri, umevaa na tai. Nikaumeza.

"Hapo sijui, mama."

Akaokota ungo wake. "Nenda kajue," akasema. Mashine ikawashwa. Uwele wa Mama nimesaga, nimeupeleka nyumbani, na nimemwambia yote. Bado hajanisemesha.

Matundu ya nyuma nimeyaziba kwa udongo na nta, moja moja. Kompyuta yako nimeifungua. Vidoti vinatembea, ila zile alama za hesabu chini yake zinanitazama kama polisi. Mwalimu wa fizikia wa sekondari amekubali nikae darasani na watoto, nyuma kabisa, na wameshaanza kuniita babu.

Lala, dada yangu, Mungu akupe upana huko ulipo. Jina lako sitalitia tena kwenye neno nisilolijua. Na nikilijua, Mama Hadija atakuwa wa kwanza kuambiwa.

Mdogo wako,
Shabani