Santuri ya Mama, Sauti ya Babu

Jumanne, 12 Septemba 2023

Kifurushi kimefika! Kimeshinda juu ya friji, Mama hakutaka kiguse meza tunayoombea chakula. Ndani mna sahani mbili kubwa za santuri. Lebo nyeupe tupu, hakuna picha, hakuna jina. Ni za majaribio, kasema Bwana Kessler wa kampuni ya santuri kwenye simu. Mama asikilize, aseme ndiyo, ndipo kiwanda kichape nyingine. Asiposema, basi. Anasema wamepata kanda zenyewe za mwaka ule Mama aliporekodi, na mna vitu humo ambavyo hakuna aliyewahi kuvisikia. Kijana mstaarabu. Yuko Chicago. Ana sauti ya mtu asiyelala vizuri.

*Uniachie Taa*. Nilikuwa na miaka miwili Mama alipoiimba, pale studio ya Sheffield, mji wa ng'ambo ya mto wetu. Redio za weusi zilisema huu ni muziki wa wazungu wa mashambani, kwa sababu ya lile gita la kulazwa mapajani linalolia kama mjane. Redio za wazungu ziliupenda — mpaka zilipoiona picha kwenye jalada. Ikafia hapo. Nakala zetu Mama alizipeleka jalalani mwenyewe, mimi sijaisikia hata siku moja. Sasa kumbe kuna watu Japani na Uswidi wanaitafuta kama dawa. Mungu ana vichekesho vyake.

Nimemuuliza tutasikiliza lini. Kasema juu ya friji ni mahali pazuri.

Alhamisi, 14 Septemba

Dada Jerutha wa kanisani, rafiki wa Mama tangu usichana, kaja kutusaidia kumenya kunde. Macho yake hayajui kukaa, yametua kwenye kifurushi. "Ozella, umeagiza pizza?"

Mama kaendelea kumenya.

"Au ni yule msichana mwenye buti nyeupe karudi?" Maana kwenye jalada la zamani Mama kapigwa picha ngazini, buti nyeupe hadi magotini.

"Yule alishakufa," kasema Mama. "Buti alikurithisha wewe, ukazipasua."

"Zilipasuka zenyewe! Zilitengenezewa miguu ya njiwa!"

Tumecheka mpaka bakuli likapinduka. Lakini Jerutha alipoondoka nimemkuta Mama kasimama mbele ya friji. Kitambo kizima. Nilidhani anataka maziwa.

Jumapili, 17 Septemba

Kanisani. Mama kwenye benchi la akina mama, kofia yake ya kijivu, midomo imefungwa. Wenzake wote wanaimba. Wageni hudhani kaugua koo.

Niandike basi, maana sijapata kumweleza mtu. Babu yangu, baba yake Mama, Mchungaji Amos Pruitt, ndiye aliyekuwa kwenye mimbari ile. Hakuwa na kwaya wala piano. Alikuwa anatanguliza mstari wa wimbo, peke yake, na kanisa zima linauvuta nyuma yake, polepole, kama watu wanaovuta kitu kizito kutoka mtoni. Wanasema ukimsikia hulali. Santuri ilipotoka alimsimamisha Mama mbele ya kanisa, aombe radhi kwa kuimba nyimbo za dunia. Akasimama. Akaomba. Ndipo desturi ikafuata: kila mtu anapita kumpa mkono wa kuume wa ushirika, hata asiyempenda. Wa mwisho Babu. Babu akafunga Biblia, akatangaza mazishi ya wiki ile.

Mkono wa Mama ukabaki hewani. Dada Jerutha ndiye aliyeushusha.

Babu alifariki hajautoa wake. Tangu siku ile Mama haimbi. Bafuni haimbi. Hata kunibembeleza nilale, alikuwa ananisomea Zaburi.

Jumatano, 20 Septemba

Ee Bwana. Nianzie wapi.

Nimerudi kutoka jiko la shule ninakopika, mvua inanyesha ile nyembamba isiyo na sauti. Mama kakaa sebuleni, sahani nyeupe mapajani. "Iweke," kasema. "Kabla sijabadili mawazo."

Nikafuta vumbi mashine ya santuri ya marehemu mume wangu. Nikaweka sindano. Kwanza mvumo, kama mvua imeingia ndani. Halafu ngoma — taratibu, kama mtu mzima anapanda ngazi. Lile gita likaja likijiburuta. Halafu sauti.

Si ya mwanamke. Nzito, ya kifuani, inavuta kila neno mpaka mwisho wake. *Uniachie taa, nitachelewa kurudi.* Mama akashika mkono wa kiti.

"Huyo ni Baba."

Nikasema Mama, santuri ni yako wewe.

"Maneno ni yangu. Anayeimba ni Baba. Mimi simjui Baba?" Machozi yanamtoka na yeye hayafuti. "Alivuka mto, Renita. Alivuka mto akaenda akauimba wimbo wangu na hakuniambia. Si yule kijana alisema mna vitu kwenye kanda?"

Tumesikiliza upande wote. Nje kumekuwa na rangi ya maji ya chai. Nimejiona kama mtoto kwenye mapaja ya mtu nisiyemkumbuka, na sauti ile inapita kifuani kwake kuja mgongoni kwangu. Sijui nilikaa vile muda gani. Mkate wa mahindi umeungua. Mama kaula hivyo hivyo, anatabasamu.

Ijumaa, 22 Septemba

Nisamehe Bwana, heri nisingeangalia.

Mama alikuwa kaenda kusukwa nywele kwa msusi wetu, Patrice. Nikaichukua sahani niipanguse. Karibu na tundu, kwa penseli: 45.

Nyumba hii sahani kubwa huzungushwa mara thelathini na tatu kwa dakika. Ndogo, za wimbo mmoja, ndizo arobaini na tano. Ndivyo kwetu, ndivyo kwa jirani, ndivyo tangu nizaliwe. Nani angedhani sahani kubwa itataka mwendo wa ndogo? Nikampigia Bwana Kessler. Akasema ndiyo, siku hizi hufanya hivyo sauti itoke safi zaidi, ila nyimbo hula nafasi, ndiyo maana ziko mbili. "Sikukwambia? Samahani sana, Bi Renita."

Nikasogeza swichi ya mwendo.

Ni msichana! Sauti angavu, ina asali na ina mchanga kidogo. Inacheka katikati ya mstari. Gita linaruka. Huyo ndiye mama yangu, na sikuwahi kukutana naye. Nimelia kwenye aproni.

Kwa hiyo Babu hakuvuka mto. Ni Mama mwenyewe, kapunguzwa mwendo, na chini yake kumbe kuna baba yake.

Patrice kanirudishia Mama kapendeza. Mama kauliza, mbona macho mekundu? Nikasema vitunguu. Friji haina kitunguu hata kimoja.

Jumapili, 24 Septemba

Mama katangaza! Baada ya ibada, chini ukumbini, sahani ya kuku mkononi, kawaambia benchi zima la akina mama: Baba yangu yumo kwenye santuri. Mama Tolliver mwenye miaka tisini kaweka sahani yake chini. "Amos? Akaimba nyimbo za gita?" "Wimbo wangu," kasema Mama. Dada Jerutha kanitazama juu ya miwani. Yule hadanganyiki.

Jioni Mama kampigia Bwana Kessler mwenyewe. Ndiyo, kampa ndiyo yake. Kwa sharti moja: jina la Mchungaji Amos Pruitt liandikwe kwenye jalada, chini ya lake. Kijana kasema anakuja Jumamosi, na mashine yake nzuri, waongee vizuri.

Atakuja na mashine nzuri. Mungu wangu.

Jumatano, 27 Septemba

Nimejaribu. Tumekaa barazani, vimulimuli wa mwisho wa msimu. Nikaanza, Mama, ile mashine yetu ni ya zamani...

Akanikatiza. Kaota. Kasema alikuwa kanisani, hakuna paa, na Babu anatanguliza mstari, na yeye anajua mstari unaofuata ila mdomo umejaa maji ya mto. "Na maji yalikuwa matamu, mwanangu."

Nikaiacha habari ya mashine.

Dada Jerutha kanishika baadaye pale langoni. Kasema, "Amos Pruitt hakuvuka mto hata kwenda kwa daktari wa meno. Umefanya nini, msichana?" Nikamweleza. Kacheka, akaacha kucheka. Kasema uongo ukiwa mwororo bado ni uongo, lakini mikono iliyoushusha mkono wa Mama siku ile ilikuwa yake, na yeye hataushusha tena. Nimwachie Roho Mtakatifu. Rahisi kwake kusema! Jina la Babu litachapwa Japani na Uswidi.

Nimepiga magoti. Sijajibiwa.

Jumamosi, 30 Septemba

Naandika hapa jikoni, pai ya pichi haijaingia kwenye oveni, ukurasa umejaa unga. Nisipoandika nitapiga kelele.

Bwana Kessler kaja. Mrefu, ndevu, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama kavaa nguo nyeupe za Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku moja kabla. Nilimvuta kijana pembeni, nikamwambia haraka haraka. Kashika kichwa. "Niiweke vipi basi, Bi Renita?" Nikasema, weka ilivyo kweli. Nikakimbilia huku.

Nikaisikia ikianza. Mwendo wake wenyewe. Msichana, asali na mchanga, anacheka katikati ya mstari.

Ikaachwa ipige. Wimbo mzima. Sikuweza hata kukanda.

Halafu Mama: "Huyo ndiye mimi."

"Ndiyo, Bi Ozella."

"Nilikuwa mzuri."

"Ndiyo, Bi Ozella."

"Renita! Toka huko jikoni, najua unasikiliza. Vitunguu!" Nimesimama mlangoni. Hakunitazama. Kasema, taratibu kabisa, "Huyo nimemsikia. Mashine yetu ilimwendesha polepole, si ndiyo? Sasa mpunguze mwendo, kijana. Namtaka aliyemzaa."

Kessler kasogeza swichi. Ngoma ikapanda ngazi. Babu kaja — najua si Babu, na ni Babu — *Uniachie taa*, akauvuta mstari mpaka mwisho, akauacha pale, kama mtu anayengoja kanisa.

Na Mama kaimba. Kauchukua mstari nyuma yake. Sauti imekauka, ina kutu, ya miaka sabini na saba, na nyumba yote imekuwa ndani yake. Ndivyo wanavyoimba sasa hivi. Babu anatanguliza, Mama anafuata.

Bwana Kessler kasimama katikati ya zulia na soksi zake. Karatasi ya jalada aliyokuja nayo bado iko mkononi mwake, chini ya jina la Mama pako wazi. Hajauliza kama jina la Babu liandikwe. Na Mama, macho kafumba, kanyoosha mkono wa kuume mbele yake, hewani. Haushushi. Kijana ananitazama mimi, hajui mkono ule unamngoja nani.

Mikono yangu ina unga hadi viwikoni, na wimbo unakaribia mwisho. Naweka kalamu chini, naenda kuushika mkono ule —